Kwa nini 'in time' si 'on time': uzito wa vihusishi vya Kiingereza

Swali la msomaji: "Nafanya kazi ya ukarani, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kuandika barua kwa Kiingereza. Juzi msimamizi wangu alisahihisha sentensi tatu katika barua moja. Niliandika 'The documents will arrive in time', akabadilisha 'in' ikawa 'on'. Niliandika 'At the end, we agreed to the client', akaandika 'In the end, we agreed with the client'. Niliandika 'Please reply until Friday', akaandika 'by Friday'. Hakunieleza sababu. Kamusi yangu inasema 'in', 'on' na 'at' zote ni 'katika' au kiambishi '-ni', na 'until' ni 'hadi'. Je, kuna tofauti ya maana kweli, au ni mazoea tu ya wenye lugha? Na kama tofauti ipo, mtu anaishikaje bila kukariri orodha isiyo na mwisho?"

Jibu

Ndugu msomaji, tofauti ipo, na kwa bahati nzuri lugha yako mwenyewe inakupa njia ya kuiona. Kamusi haikukudanganya, ilikupa tu neno moja mahali palipohitaji maelezo. Kihusishi, kama jina lake linavyosema, kazi yake ni kuhusisha, na kwa hiyo ukikitenga peke yake na kukiuliza maana, hakina jibu la kuaminika. Maana yake huonekana pale kinapofunga vitu viwili: kitendo na mtu, kitu na mahali, tukio na saa. Ndiyo maana 'at' inaweza kuwa 'katika' kwenye ukurasa mmoja na kuwa kitu kingine kabisa kwenye ukurasa unaofuata.

Tuanzie kwenye Kiswahili. Linganisha 'alihama mji' na 'alihamia mji'. Nomino ni ile ile na nafsi ni ile ile, lakini irabu moja iliyochomekwa kwenye kitenzi imemgeuza mtu uso: wa kwanza anatoka, wa pili anaingia. Vivyo hivyo 'kukimbia vita' na 'kukimbilia vita', au 'kuomba mtu' na 'kumwombea mtu'. Hakuna Mswahili anayeziona nyongeza hizo kuwa pambo. Sasa tazama Kiingereza kinavyosema jambo hilo hilo: 'He moved from the town', 'He moved to the town'. Kitenzi hakikuguswa, mzigo wote umebebwa na 'from' na 'to'. Sikio letu limezoea kusubiri habari hii mwishoni mwa kitenzi, kwa hiyo tunapokutana na vijineno vya herufi mbili, tatu au nne vilivyosimama baada ya kitenzi cha Kiingereza, tunavipita kama changarawe za njiani, ilhali habari tunayoitafuta imo humo humo.

Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kile cha zaidi ya miaka 1000 iliyopita kilikuwa na viambishi vilivyobandikwa mwishoni mwa nomino ili kuonyesha nani ametenda, nani ametendewa, na kitu kimekwenda kwa nani. Viambishi hivyo vilichakaa na kupotea karne baada ya karne, na sehemu kubwa ya kazi yao ikarithiwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi. Lugha iliyopoteza viungo hivyo ililazimika kuvipa vihusishi vilivyobaki kazi zaidi.

Mfano ninaoupenda kwa jambo hili ni maneno maarufu ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani, katika hotuba yake pale Gettysburg, tarehe 19 Novemba 1863: 'government of the people, by the people, for the people'. Nomino haikubadilika mara zote tatu. Kilichobadilika ni kihusishi peke yake, na hoja nzima imo katika mabadiliko hayo: serikali ni mali ya nani, inaendeshwa na nani, na inamnufaisha nani. Jaribu kuyaweka kwa Kiswahili kwa kubadilisha vijineno tu, uone yanavyokwama. 'Serikali ya watu' inakwenda vizuri. 'Serikali na watu' tayari ni mambo mawili yaliyounganishwa, si serikali inayoendeshwa na watu. Ili maana irudi, Kiswahili kinadai kitenzi: 'serikali ya watu, inayoongozwa na watu, kwa ajili ya watu'. Hapo unaona waziwazi kwamba neno dogo la Kiingereza mara nyingi lina uzito wa kitenzi kizima cha kwetu.

Sasa tuje kwenye 'in', 'on' na 'at', ambazo kamusi yako imezifungia chumba kimoja. Kiambishi '-ni' ndicho kinachoziweka pamoja, lakini hata Kiswahili hakikomei hapo. Tunasema yupo ofisini, yuko ofisini, yumo ofisini, na msikivu anajua kwamba 'yumo' inamweka mtu ndani, 'yupo' inamweka mahali mahususi, na 'yuko' inamwacha upande huo bila kubainisha sana. 'In' inafanana na '-mo': inaona mahali kama chombo chenye ndani. 'At' inakaribiana na '-po': inaona mahali kama nukta tu, bila kujali mtu yuko ndani, nje au mlangoni. Mfanano huu si kamili, na sikusihi uutumie kama kanuni ya tafsiri, lakini unatosha kukuonyesha kwamba wazo lenyewe si geni kwako. Kwa hiyo kwa Kiingereza cha Uingereza 'She is in hospital' maana yake amelazwa. 'She is at the hospital' inasema tu kwamba yuko hospitalini, huenda ni daktari, huenda amekwenda kumwona mgonjwa. Ni mahali pamoja, lakini mpokeaji wa ujumbe wa kwanza atashtuka, na wa pili hatashtuka.

'On' ndiyo inayotupoteza zaidi, kwa sababu tumefundishwa kwamba ni 'juu ya'. Kiini cha 'on' ni kugusana na uso wa kitu. Ujuu si sharti. Nzi aliyejibanza darini, miguu yake ikielekea angani na mgongo ukielekea sakafu, kwa Kiingereza yuko 'on the ceiling', ingawa kwa macho yetu yuko chini ya dari. Ukisema yuko juu ya dari, umempeleka upande wa paa. Picha iliyotundikwa ukutani ni 'on the wall'. Ndege anayepita angani bila kuugusa ukuta yuko 'above the wall' au 'over the wall', na hapo Kiswahili hutumia 'juu ya' bila kujali kugusana.

Ukishaziona picha hizi tatu, yaani chombo, uso na nukta, utaweza kuzifuata zinapohama kutoka mahali kwenda kwenye wakati, na huko ndiko sentensi yako ya kwanza inakoangukia. Katika 'on time', fikiria ratiba kama mstari uliochorwa. Tukio linatua juu ya alama iliyowekwa, halitangulii wala halichelewi. Kipimo ni saa na mapatano. Katika 'in time', fikiria muda kama chumba ambacho mlango wake haujafungwa. Tukio linafika likiwa bado ndani ya nafasi ya kufaa. Kipimo hapa si ratiba bali ni jambo fulani ambalo lingeharibika au kukosekana kama tukio lingechelewa, na kwa sababu hiyo Kiingereza kwa kawaida hulitaja jambo hilo: 'in time for the meeting', 'in time to sign'. Tofauti inaonekana kikamilifu katika sentensi kama hii: 'The doctor came on time, but not in time to save him.' Daktari alifika saa ile ile aliyoahidi, lakini mgonjwa alikuwa ameshapita hatua ya kuokolewa. Hakuna mgongano wowote katika sentensi hiyo, kwa sababu vipimo ni viwili.

Kuna na maana ya tatu, nayo ndiyo naamini ilimfanya msimamizi wako achukue kalamu. 'In time' ikisimama peke yake mwishoni mwa sentensi, bila 'for' wala 'to', inaweza kusomeka kama 'baada ya muda' au 'siku zikienda'. Mteja aliyesoma 'The documents will arrive in time' angeweza kujiuliza: zitafika kabla ya nini? Au zitafika siku moja, nisubiri tu? Sentensi yako haikuvunja sarufi, lakini ahadi uliyotaka kutoa ni ya ratiba, na neno la ratiba ni 'on'.

Sentensi ya pili ina makosa mawili yaliyo tofauti kabisa. La 'at the end' na 'in the end' Kiswahili kinalitatua bila shida, mradi tu usiishie kwenye neno 'mwisho'. Tunayo 'mwishoni mwa', na tunayo 'mwishowe' au 'hatimaye'. 'At the end' ni nukta ya mwisho ya kitu kinachotajwa au kinachoeleweka: 'at the end of the meeting', mwishoni mwa kikao. 'In the end' haionyeshi ncha ya kitu chochote. Inatoa matokeo baada ya mvutano, kusitasita au safari ndefu: hatimaye. Ukiandika 'At the end of the meeting we agreed', unasema makubaliano yalipatikana dakika za mwisho za kikao. Ukiandika 'In the end we agreed', unakiri kwamba palikuwa na ubishi, na ubishi huo umekwisha. Katika barua ya kazi hilo la pili ni habari yenyewe.

Kosa la 'agreed to the client' linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu 'agree' ni kitenzi ambacho kihusishi chake huchagua anayeambatana nacho. 'Agree with' huenda na mtu au na wazo: unaona kama anavyoona. 'Agree to' huenda na pendekezo, sharti au ombi: unaliridhia. 'Agree on' huenda na jambo ambalo pande mbili zimelifikia pamoja: tarehe, kiasi, jina. Tena Kiswahili kinayo tofauti hiyo, ila kimeifungia kwenye mnyambuliko: kukubali na kukubaliana. 'I agreed to the plan, although I did not agree with it' ni 'niliukubali mpango, ingawa sikukubaliana nao', na sidhani kama kuna msomaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa zaidi. Mtu hawezi kuridhiwa kama pendekezo, ndiyo maana 'agreed to the client' haikai. Hata hivyo ningekuonya kuhusu sahihisho lenyewe: 'we agreed with the client' inasema mlikuja kuona kwamba mteja alikuwa na haki. Kama kilichotokea ni kwamba mliridhia ombi lake bila kushawishika, sentensi ya kweli ni 'we agreed to the client's request'. Hapo ni wewe tu unayejua kilichotokea, si msimamizi wala mimi.

Nikiwa kwenye 'with', niseme jambo moja kuhusu historia yake, kwa sababu linaeleza utata unaowasumbua wengi. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya 'dhidi ya', na maana hiyo imebaki ndani ya 'withstand', kuhimili kinachokukabili. Kwa hiyo 'He fought with his brother' inaweza kuwa alipigana dhidi ya ndugu yake au alipigana akiwa upande wake, kama vile 'alipigana na ndugu yake' inavyoweza kuyumba kwetu. Mwandishi mwangalifu huandika 'against' kwa maana ya kwanza na 'alongside' kwa maana ya pili.

Sentensi ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kikazi, maana inagusa tarehe za mwisho. 'Hadi' yetu inabeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga. 'Until Friday' inaeleza hali inayoendelea mfululizo mpaka Ijumaa: 'The office is closed until Friday', ofisi imefungwa siku zote mpaka hapo. 'By Friday' inaeleza tendo la mara moja ambalo lazima liwe limekamilika ifikapo Ijumaa, na linaweza kufanyika mapema kiasi chochote. Kujibu barua ni tendo la mara moja, kwa hiyo 'Please reply until Friday' inamwomba mteja aendelee kujibu bila kukoma mpaka Ijumaa. Kiswahili cha 'by' si 'hadi' bali 'ifikapo' au 'kabla ya siku fulani kwisha', na ukijizoeza kufikiri 'ifikapo' hutakosea tena. Tambua pia kwamba 'until Friday' yenyewe haisemi kwa uhakika kama Ijumaa imo au haimo, na ndiyo sababu waandishi wa mikataba huongeza 'up to and including Friday'. Wamarekani wana njia fupi: 'Monday through Friday' inaiingiza Ijumaa bila shaka.

Jirani yake ni 'in two hours' na 'within two hours'. Ya kwanza, katika ahadi, maana yake ni baada ya muda wa saa mbili kupita. Ya pili ni wakati wowote kabla muda huo haujakwisha. Mteja uliyemwambia 'in two hours' ana haki ya kuondoka na kurudi baadaye. Uliyemwambia 'within two hours' anapaswa kubaki karibu na simu tangu sasa.

Hukuniuliza kuhusu vitenzi vya kulenga, lakini siwezi kuvipita, kwa sababu ndipo kihusishi kinapobadilisha ukweli wa tukio. 'Shout to someone' ni kupaza sauti ili mtu akusikie. 'Shout at someone' ni kumfokea. 'Throw the ball to him' ni kumpa mpira kwa kuurusha ili audake. 'Throw the ball at him' ni kumfanya shabaha. 'At' ile ile ya nukta, inapopata mwendo, humgeuza mtu kuwa kitu kinacholengwa, na kwa kawaida haisemi kama kilichorushwa kilifika. Hapo ndipo 'He shot the man' na 'He shot at the man' zinapoachana vibaya sana. Ya kwanza ni 'alimpiga mtu yule risasi', na risasi imempata. Ya pili ni 'alimfyatulia risasi', na hatujui kama ilimpata. Mtafsiri wa habari au wa ushahidi mahakamani anayedondosha 'at' hiyo amemjeruhi mtu ambaye pengine hakuguswa.

Kuna na vihusishi vinavyogeuza chanzo kuwa tokeo. 'The delay resulted in losses' ni kuchelewa kulisababisha hasara. 'The delay resulted from losses' ni kuchelewa kulitokana na hasara. Katika hesabu nako, 'increased by 60' na 'increased to 60' hazina undugu: idadi iliyokuwa 50, ikiongezeka kwa 60, ni 110, ikiongezeka hadi kufikia 60, imeongezeka 10 tu. Nimewahi kumfundisha mtu aliyemwandikia mwajiri wake 'I am tired of working' akikusudia kusema siku ile amechoka kwa sababu ya kazi. Alichosema ni kwamba kazi imemkinaisha. Alihitaji 'tired from'. 'From' inataja chanzo cha uchovu wa mwili. 'Of', baada ya 'tired', inataja kitu ambacho moyo umekikataa. Namna hiyo hiyo, 'Have you heard from him?' inauliza kama amekuletea habari, na 'Have you heard of him?' inauliza kama unajua kwamba mtu huyo yupo duniani.

Baada ya yote haya, nisikufanye utafute maana hata pale isipokuwepo. Waingereza wengi husema 'at the weekend' na Wamarekani 'on the weekend'. Utakuta 'different from', 'different to' na 'different than'. Fomu moja hujazwa kwa 'fill in' au 'fill out'. Hapo tofauti ni ya mazoea ya eneo, na ukichagua moja na kuishika katika maandishi yako yote inatosha.

Kuhusu namna ya kuzishika, shauri langu ni kuacha kabisa kuandika kihusishi na tafsiri yake katika mistari miwili ya daftari. Andika sentensi nzima ya Kiingereza uliyokutana nayo kwenye maandishi halisi, kisha chini yake iandike kwa Kiswahili bila kutumia 'katika' wala 'kwa', ila pale usipoweza kuviepuka kabisa. Sharti hilo litakulazimisha kutafuta kitenzi: utaandika 'kumfokea', 'ifikapo', 'hatimaye', 'kukubaliana', 'kutokana na', na kila kimoja kitakuwa kimebeba maana ya kihusishi kile waziwazi. Tumia pia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, kwa sababu hiyo huonyesha kitenzi pamoja na vihusishi vinavyofuatana nacho, jambo ambalo kamusi nyingi za lugha mbili huliacha. Hutahitaji orodha isiyo na mwisho. Karani anayeandika barua za tarehe, makubaliano na mizigo hurudia mahusiano yale yale machache kila siku, na sentensi 40 au 50 za namna hiyo, zilizoandikwa kwa mkono wako, zitakuwa zimegusa karibu kila unachohitaji.

Barua yako basi, ikiandikwa upya, ingesema 'The documents will arrive on time', au, kama kuna kikao kinachozisubiri hati hizo, 'The documents will arrive in time for the meeting'. Ingesema 'In the end, we agreed to the client's request', ikiwa mliridhia tu, au 'we agreed with the client', ikiwa alikushawishini. Na ingemaliza kwa 'Please reply by Friday', ambayo mteja ataisoma kwamba ana ruhusa ya kujibu hata leo.